Jina Lilikuwa Wazi Jumatatu

Kama gazeti la juma lililopita lilifungia omena kwa muuza samaki kabla hujalisoma, usijali. Nitakueleza kwa ufupi.

Mimi ni Wangwe, wa Kehancha. Shule niliachia darasa la nne. Mke wangu Nyangi alikufa mwaka jana mwezi wa nane, kwenye benchi la hospitali nisiyoitaja, mlango wa daktari umefungwa na ufunguo uko na mtu aliyeenda semina. Nilimzika nyuma ya kibanda cha mashine yetu ya kusaga. Aliniachia mashine hiyo na unga wake wa uji: wimbi, mtama, muhogo mkavu, na kitu cha nne ambacho sitakiandika gazetini.

Sokoni watu hawasemi wanataka unga. Wanasema, "Nipimie wa Nyangi."

Juma lililopita nilikueleza jinsi Madam Edith, mwenye stoo ya shule moja ya bweni huko Homa Bay, alivyoonja kikombe kimoja, akaomba cha pili, kisha akaniambia: "Mzee, niletee cheti cha jina la biashara kabla ya Ijumaa jioni. Bila cheti, mwalimu mkuu hataruhusu hata gunia moja lipite geti."

Tuliachana hapo, nikiwa nimekaa nyumbani nadhani shida zangu zimeondoka. Kumbe zilikuwa nje zinavaa viatu.

* * *

Jumatatu asubuhi niliingia saiba moja, duka la kompyuta, mjini Migori. Mwenye kompyuta alikuwa mama mmoja wa Kisii anaitwa Emmah, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba.

"Karibu, baba. Ni kulipa kodi ama ni cheti cha tabia njema?"

"Nataka kuandikisha jina la biashara. Unga wa Nyangi."

"Haya. Kwanza tunaangalia kama kuna mtu ameshalichukua. Kuna watu hupaka duka rangi, wanachapisha bango, wanaalika hadi pasta, ndiyo wanakuja kwangu. Halafu wanapata jina liko na mwenyewe huko Kitale. Wanalilia hapo hapo ulipokaa."

"Na wewe unawaambia nini?"

"Wasinilowanishie mashine."

Watu kwenye benchi walicheka. Mimi pia nilicheka. Juma lile sikucheka tena.

Kompyuta ilizungusha kile kiduara chake. Kikazunguka, kikazunguka, kikasimama.

"Liko wazi, baba. Kenya nzima hakuna mtu ana jina hilo, wala linalofanana nalo."

Kenya nzima! Nilihisi kama Nyangi amenipiga begani.

"Sasa nisikie vizuri," Emmah akasema. "Kuangalia si kushika. Ukilipa saa hii naliomba, wakikubali linakungoja wewe peke yako mwezi mzima. Usipolipa, mtu yeyote analichukua. Hata huyu." Akaonyesha mzee mmoja aliyekuwa anangojea picha za pasipoti.

Pesa ilikuwa mfukoni. Mkono ulikuwa umeshaishika.

Sikuitoa. Hili ndilo ninalokuja kukiri leo mbele yenu nyote mnaonisoma. Wakubwa nitawalaumu baadaye, na nitawalaumu vizuri, lakini hapa nilijikata mwenyewe.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Hili ni jina la marehemu mke wangu. Sijaomba kwao."

"Unaomba nini? Kompyuta imeshakubali."

"Kompyuta haikumzaa."

Emmah akainua miwani akaivaa ili anione vizuri. "Baba, huyo mama alikuwa mkeo ama alikuwa wa kwao?"

"Alikuwa wangu. Jina alikuja nalo kutoka kwao. Siwezi kulipaka kwenye magunia nilizungushe Homa Bay bila mama yake kujua."

"Basi kimbia uende urudi. Jina ni kama kiti cha hotelini saa saba mchana. Ukiinuka kunawa mikono unapata mtu amekalia."

* * *

Kwao Nyangi ni Ntimaru. Nilifika saa tisa alasiri.

Ambaye si wa kwetu ni lazima nimweleze kitu hapa. Mimi na mama mkwe wangu, Mama Bhoke, hatutazamani. Siingii nyumbani mwake, sili mbele yake, sisemi naye uso kwa uso. Ni heshima. Nikiwa na neno, ninasimama kando ya ghala la mahindi nimeipa nyumba yake mgongo, na mtu wa tatu analibeba neno langu analipeleka ndani, kisha analeta lake.

Kwa miaka kumi na tisa mtu huyo wa tatu amekuwa Joash, ndugu yake Nyangi. Boma ni lake, na nyumba ya mama yake iko ndani ya boma hilo.

Joash alinisaidia sana kwenye msiba. Mimi nilikuwa nimekalishwa nyumbani, mfiwa hatoki. Akaja akaniambia, "Shemeji, leta kitambulisho cha dada nikipeleke kwa naibu wa chifu, kifo kiandikwe." Nikampa, na juu yake nikamshukuru. Nguo za marehemu pia ni yeye aliyezibeba kuzirudisha kwao. Kulikuwa na sweta ya kijani aliyoipenda. Kifungo chake cha juu kilikuwa kimepotea, nikakata cha kahawia kwenye shati langu nikamshonea. Alinicheka mwezi mzima na sweta hakuivua.

Basi nilisimama kando ya ghala, nikampa Joash neno langu. Akaingia kwa mama yake. Akakaa kidogo, akatoka.

"Mama amesemaje?"

"Amefurahi sana, shemeji. Lakini anasema jina la mtoto wake halitoki hapa kama kuku wa kuuzwa. Anataka siku tatu alifikirie. Rudi Alhamisi."

"Nina mpaka Ijumaa tu, Joash."

"Alhamisi inakuja kabla ya Ijumaa. Ama huko Kehancha mmebadilisha?"

Nikakubali.

"Na jina lenyewe umeshaliandikisha?" akauliza, anachokonoa meno kwa kijiti.

"Bado. Nimeangalia tu. Liko wazi Kenya nzima."

"Kenya nzima," Joash akasema polepole, kama mtu anaonja chumvi. "Unga wa Nyangi. Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Na wanunuzi ni wale wa Homa Bay ulioniambia? Wale wa shule?"

"Hao hao. Madam Edith."

Hapo jikoni kukatoka mwanamke nisiyemjua. Akamwaga maji ya vyombo, akanitazama, akarudi ndani haraka.

"Huyo ni nani?"

"Mgeni tu," Joash akasema. "Twende nikusindikize."

* * *

Alhamisi nilirudi mapema. Sikufika hata kwenye ghala. Joash alinikuta barabarani.

"Mama amekubali! Nenda uandikishe, shemeji. Baraka zote ziko juu yako."

Akanipa mkono, akaufunika kwa ule mwingine. Akanitafutia pikipiki mwenyewe, akapatana bei mwenyewe. Miaka kumi na tisa hakuwahi kunitafutia hata kivuli.

Nilipofika Migori, Emmah aliniona kutoka mlangoni akaanza kuandika kabla sijaketi.

Kiduara kikazunguka.

Kikasimama.

Emmah akainamia kompyuta. Akafuta, akaandika upya, herufi moja moja, kwa kidole kimoja.

"Baba," akasema, "limechukuliwa."

"Lilikuwa wazi."

"Lilikuwa wazi Jumatatu. Limeandikishwa Jumanne, na cheti kimetoka. Nilikuambia mambo ya kiti."

"Nani? Nionyeshe nani!"

"Hapa halionyeshi mwenyewe. Kuna maombi mengine ya kuonyeshwa mwenye biashara. Yanalipiwa, na yanachukua muda."

Nililipa ile pesa niliyoihifadhi Jumatatu. Nikakaa kwenye benchi mpaka saa kumi. Watu waliingia wakatoka, mimi nikiwa pale kama godoro la dukani.

Saa kumi jibu likaja. Emmah alisoma kimya. Akasoma tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Marehemu mama, namba ya kitambulisho chake unaijua?"

Naijua. Niliiandika mara kumi na moja kwenye fomu za hospitali, kila dirisha na fomu yake. Imekaa kichwani na haitatoka.

"Nisomee iliyo hapo kwenye kompyuta," nikasema.

Akasoma tarakimu nne za kwanza. Nikamalizia mimi nne za mwisho.

Emmah akaondoa mikono kwenye mashine kana kwamba imepata moto.

"Baba, mwenye jina ni yeye. Nyangi mwenyewe. Jina lake, namba yake. Anakaa Homa Bay, imeandikwa hapa."

"Nyangi anakaa nyuma ya kibanda cha mashine yangu," nikasema. "Futi sita chini ya udongo."

"Serikali inasema Jumanne alikuwa anaandikisha biashara."

Hebu tazameni. Akiwa hai, anatapika damu, serikali haikumwona siku mbili nzima. Alipokufa ndiyo ikamwona, ikampa na cheti.

"Cheti chake cha kifo uko nacho?" Emmah akauliza.

"Joash alipeleka kitambulisho kwa—"

"Sijauliza nani alipeleka nini, baba. Nimeuliza uko nacho?"

Sikuwa nacho. Sikuwahi kukiona. Nilidhani ukishamfukia mtu, na naibu wa chifu yuko pale na koleo mkononi, na amekula nyama akalamba vidole, basi serikali imejua.

* * *

Ijumaa nilikwenda Homa Bay bila cheti, nikiwa na mdomo wangu tu.

Madam Edith alinipokea kwenye mlango wa stoo. Hakunikaribisha kiti.

"Jaduong', mzee, umekuja kufanya nini?"

"Madam, kuna mtu ameiba jina. Nipe juma moja tu—"

Akasogea kando. Nyuma yake nikaona magunia. Ishirini, pengine zaidi, yamepangwa hadi dirishani. Kila moja limepigwa chapa kwa rangi nyekundu: UNGA WA NYANGI. Rangi ilikuwa mbichi bado, inanuka.

"Uliniambia wewe ndiye mwenye huu unga," akasema. "Uliniambia Nyangi ni mkeo na amekufa. Ukanitoa machozi, mimi mtu mzima, hapo sokoni."

"Amekufa, Madam."

"Alikuwa hapa jana. Amesimama hapo uliposimama. Ameleta cheti chake, kitambulisho chake, amepiga sahihi."

"Anafananaje?"

"Mtu wa kawaida. Mnene kidogo. Hasemi sana, aliyezungumza ni kaka yake. Amevaa sweta ya kijani."

"Kifungo cha juu," nikasema. "Kifungo cha juu ni cha rangi gani?"

"Wuoro! Maajabu! Mimi naangalia unga, siangalii vifungo!" Kisha akasita. Akaniangalia. "Kilikuwa tofauti na vingine. Sijui. Cha kahawia."

Nikashika ukuta.

"Mzee," Edith akasema, na sasa hakuwa na hasira, ilikuwa ni huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko hasira. "Kama mmekosana na mama, mkae mkaelewane. Lakini kumuua mtu kwa mdomo ili uuze unga, hapana. Hiyo ni laana unajiitia."

Nilichota unga kidogo kwenye gunia lililofunguliwa, nikaweka ulimini. Wimbi. Mtama. Muhogo. Kile kitu cha nne hakikuwemo.

Nilikuwa bado kwenye geti la shule simu ilipolia.

"Wangwe? Hapa ni ofisini kwa naibu wa chifu. Unatakiwa Jumatatu saa tatu asubuhi, bila kukosa. Kuna malalamiko juu yako."

"Nani amelalamika?"

Nikasikia karatasi zinafunguliwa.

"Mke wako. Anasema unatumia jina la biashara yake bila ruhusa."

* * *

Joash ni Msabato. Jumamosi, mvua inyeshe au nyumba iungue, saa nne asubuhi yuko kanisani na boma lake halina mtu ila mama yake, ambaye hakuwahi kuiacha imani ya wazee.

Nilifika saa nne na nusu. Nikasimama kando ya ghala, nikaupa mlango mgongo. Hakukuwa na mtu wa tatu. Nikaanza kuliambia ghala.

"Ewe ghala," nikasema kwa nguvu, "mimi ni Wangwe. Jumatatu nilileta neno hapa, la kuomba jina la Nyangi. Nilijibiwa ningoje siku tatu. Nimengoja, na jina limeibwa. Nauliza tu kwa heshima, nani aliyesema ningoje?"

Kuku mmoja alipita akinitazama kwa jicho moja.

Kisha nyuma yangu, sauti ambayo kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimeisikia ikiimba, ikilia, ikiita ng'ombe, lakini haijawahi hata siku moja kusema nami:

"Mkwe. Geuka."

"Mama, siwezi."

"Geuka. Ambaye tungemwonea haya yuko chini ya udongo."

Nikageuka. Macho yangu nikayaweka miguuni pake. Alikuwa peku, na vidole vyake ni vya Nyangi kabisa, kile cha pili kirefu kuliko cha kwanza.

"Sijaulizwa kitu," Mama Bhoke akasema. "Neno la jina nalisikia leo, ukiliambia ghala."

"Lakini Jumatatu Joash aliingia kwako!"

"Aliingia akaniuliza kama kuna chai imebaki."

Basi nikamweleza yote. Saiba, namba, magunia, sweta. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Yule mwanamke wa jikoni," nikasema. "Ni nani?"

"Joash anasema ni mke. Amekuja mwezi wa pili. Sweta ameipata kwenye sanduku la mwanangu. Mimi nimenyamaza."

"Mama, Jumatatu naitwa kwa naibu wa chifu. Karatasi sina. Ni wewe uliyemwosha, ni wewe uliyemfunga sanda. Utakuja useme alikufa? Useme tu hivyo: Nyangi wangu alikufa. Ni maneno matatu."

Upepo ulipuliza majani ya migomba, ukaacha, ukapuliza tena.

"Nitakuja," akasema.

Nilitaka kupiga magoti.

"Lakini mkwe, ukumbuke kitu. Chakula nakula kwa Joash. Maji nachotewa kwa Joash. Hili paa ni la Joash. Mtoto mwingine sina, ulimzika wewe. Ukumbuke hivyo."

"Nitakumbuka, Mama."

Sikukumbuka. Nilikuwa nimesikia "nitakuja" tu, na masikio yakafunga.

* * *

Jumatatu nilimtumia pikipiki, mimi nikafuata na nyingine nyuma. Njia nzima niliutazama mgongo wake, na kitambaa chake cheupe cha kichwani. Nikajiambia, Wangwe, leo unarudishiwa jina lako.

Ofisi ya naibu wa chifu ni chumba kimoja, meza moja, benchi mbili na picha ya mkubwa ukutani. Naibu wa chifu alikuwa ameketi, kofia mezani. Hakuniangalia.

"Wewe ndiye Wangwe?"

"Bwana, unanijua. Ulikula kwangu."

"Mimi hula kwa watu wengi. Hapa tunafuata karatasi. Una cheti cha kifo?"

"Ulikuwa kaburini! Ulitupa udongo! Uliwaambia watu wasisukumane, nyama iko ya kutosha!"

"Una cheti ama huna?"

"Sina. Lakini nina shahidi. Nimekuja na mama aliyemzaa."

Hapo ndipo akainua macho, kwa mara ya kwanza, akamtazama Mama Bhoke aliyesimama mlangoni. Kisha akatazama pembe ya chumba, upande niliokuwa sijaugeukia.

Joash alikuwa amesimama pale, mikono nyuma, ametulia kama mtu aliyekuja kuchukua barua. Na mbele yake, kwenye benchi, aliketi yule mwanamke wa jikoni. Alikuwa anatazama sakafu. Sweta ya kijani. Kifungo cha kahawia, na uzi mweusi niliokishonea.

"Mlalamishi huyu hapa," naibu wa chifu akasema. "Nyangi. Kitambulisho nimekiona. Cheti cha biashara nimekiona. Picha ya kitambulisho ni ya zamani, imefifia, lakini nani hajazeeka? Sasa tumalize. Mama, sogea."

Mama Bhoke akasogea.

"Mama, hapa hatutaki hadithi ndefu. Huyu mwanamke aliyeketi hapa unamjua?"

Nikamwomba kimoyomoyo. Maneno matatu, Mama. Matatu tu.

Mama Bhoke alimtazama yule mwanamke. Kisha akamtazama Joash. Joash hakukunja uso, hakukohoa, hakufanya lolote. Alivuta tu ufunguo mfukoni, ufunguo wa nyumba anayolala mama yake, akaanza kuupangusa kwa kidole gumba.

Mama Bhoke akapita mbele yangu. Akamfikia mwanamke yule. Akanyoosha mkono, akakigusa kile kifungo cha kahawia, akakizungusha kidogo kama anaangalia kama kimekaza.

"Nyangi, mwanangu," akasema. "Umekula?"

Yule mwanamke akaanza kulia. Sijui alilia kwa nini.

"Mama!" nikapiga kelele. "Mama, ulimwosha kwa mikono yako!"

Hakugeuka. Alikuwa amerudi kuwa mama mkwe. Hasemi nami.

Naibu wa chifu akavuta daftari lake kubwa, akatafuta ukurasa mpya, akaandika tarehe juu. Polepole, kwa mwandiko mzuri. Kisha akaita askari wawili waliokuwa wanaota jua nje, nao wakaja wakasimama mlangoni.

"Haya, Wangwe," akasema, na sasa aliniangalia moja kwa moja. "Mkeo yuko hapa, mzima, mama yake amemjua. Sasa utuambie. Nyuma ya kibanda chako cha mashine kuna kaburi. Ndani yake umemzika nani?"